Chuma cha kulehemu cha gesi: kazi kinazoziweza na kazi za kukiepusha

Swali ninaloulizwa zaidi na mafundi wenzangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wakikiona chuma cha kulehemu cha gesi mkononi mwangu ni hili: ukishanunua chuma cha gesi, kile cha umeme unakitupa? Hapana. Anayekwambia ndiyo, huenda ana kimoja cha kukuuzia. Chuma cha gesi ni chombo cha kazi za nje: waya wa paneli ya jua juu ya mabati kule Ndosho, taa ya pikipiki iliyokatika kwenye njia ya Sake, redio ya mzee wa kisiwa cha Idjwi ambaye nyumbani kwake hakuna soketi hata moja. Kwa kazi hizo sijaona cha kukishinda. Mezani, mbele ya bodi ya simu, ni chombo kibaya, na ufundi wa mikono yako hautabadilisha hilo.

Nimetanguliza hukumu ili asiye na muda aondoke nayo. Mwenye muda tukae kidogo, maana vyuma hivi vinakufa mapema mno hapa kwetu, na vingi vinauawa na gesi yenyewe.

Ndani ya mshikio kuna tangi dogo lenye butani, ikiwa bado katika hali ya maji. Ukifungua vali, butani inageuka mvuke, inapita kwenye tundu jembamba sana, na kwa kasi yake inavuta hewa kupitia vitundu vya pembeni. Mchanganyiko huo unafika kwenye kichocheo, yaani kipande kidogo chenye matundu matundu kilichopakwa platini au madini ya jamii yake, ambacho kimefichwa ndani ya ncha. Ukiwasha, mwanzoni unapata mwali wa kweli. Mwali unakipasha kichocheo, kisha unazimwa (vyuma vingine vina swichi ya kusukuma, vingine mwali unajizima), na kuanzia hapo gesi inaungua juu ya platini bila mwali wowote. Ukichungulia kwenye kidirisha kilicho ubavuni mwa ncha, unaona wekundu tu. Wekundu huo ndio unaotaka. Wapo wanaouacha mwali uendelee wakidhani ndio unaopasha haraka, kumbe unakichosha kichocheo na kula gesi bure.

Mzee mmoja wa Idjwi alinitazama nikiunganisha waya wa spika ya redio yake uani, akauliza:

“Fundi, hiyo kalamu inaunguza bila moto?”

“Papa, moto umo. Umejificha tu.”

Hakuridhika mpaka nilipomwonyesha kidirisha. Na kweli ni jambo la kushangaza ukiliona mara ya kwanza. Lehemu inayeyuka ndani ya dakika moja hivi tangu kuwasha, na upepo wa ziwani, ambao ungezima kiberiti chochote, hauuzimi wekundu ule. Unachofanya upepo ni kuipoza ncha, kwa hiyo bado ukae nyuma ya ukuta au uweke kipande cha katoni mbele yake.

Sasa nieleze kwa nini sikiamini kwenye bodi ndogo.

Cha kwanza, hakina kipimo cha joto. Kuna pete yenye alama ya kuongeza na kupunguza, nayo inapunguza au kuongeza gesi, basi. Chuma cha umeme cha mezani chenye kidhibiti ukikiweka nyuzi 350 kitakaa hapo hapo: ukigusa kitu kikubwa kinaongeza nguvu, ukikiinua kinapunguza. Chuma cha gesi hakijui unagusa nini. Ukikishika hewani kinazidi kupanda, na ncha inaweza kupita nyuzi 400 bila wewe kujua. Ukigusa waya mnene, joto linashuka. Pedi ya shaba, yaani kile kibati cha kulehemia, kwenye bodi ya simu imebandikwa kwa gundi tu, na joto la namna hiyo linaing’oa. Ikishang’oka, mteja hakuelewi hata ukimweleza mpaka jioni.

Cha pili ndicho wengi hawakifikirii kabla ya kununua: gesi iliyoungua lazima itoke mahali. Inatokea ubavuni, karibu kabisa na ncha, ikiwa ya moto sana. Macho yako yako kwenye ncha, huku hewa hiyo inapuliza kiunganishi cha plastiki kilicho pembeni, au ganda la waya wa jirani, au kapasita ndogo ambayo haikuhusika na ugonjwa wowote. Kabla ya kugusa chochote, jiulize tundu la kutolea hewa linatazama wapi, kisha zungusha mshikio mpaka litazame nje ya kazi yako. Kwangu imekuwa desturi: nazungusha kwanza, nagusa baadaye. Kama nafasi ni finyu kiasi kwamba kila upande kuna kitu cha kuungua, nakifungua kifaa kizima nakileta mezani.

Kina faida moja ndogo kwenye vifaa vya elektroniki, nayo ni kwamba hakina waya wa ukutani. Nyumba nyingi hapa hazina waya wa ardhini, na chuma cha umeme cha bei rahisi kinaweza kuvujisha umeme kidogo hadi kwenye ncha. Cha gesi hakina hilo. Lakini faida hiyo haitoshi kunifanya niguse nacho bodi ya simu.

Nyaya ndizo kazi yake

Chuma cha umeme cha wati 30 ukikipeleka kwenye waya mnene wa batri, shaba inanyonya joto lote na lehemu inabaki mavimbe yasiyoshika. Vyuma vikubwa vya gesi vinatajwa kuwa na nguvu inayolingana na wati 25 hadi 125 kufuatana na ulivyofungua pete, na hapo ndipo vinapolipa bei yake.

Ila anza na waya. Sokoni kumejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba, na kwa nje hazitofautiki na za shaba tupu. Kata, kisha tazama pale ulipokata: ikiwa ndani ni nyeupe na wekundu uko ukingoni tu, hiyo ni alumini. Lehemu itashika juu juu, na pikipiki itakurudia kabla ya wiki kuisha. Waya wa shaba uliogeuka mweusi au kijani nao haupokei lehemu hata uuchome namna gani. Ukwangue kwa kisu au msasa mpaka ung’ae.

Kabla hujasokota chochote, vika mpira wa kusinyaa (mrija wa plastiki unaobana kiungo ukipata joto) kwenye waya mmoja na usukume mbali na joto. Kisha ondoa ganda kama sentimita mbili kila upande, pitisha nyaya zikatane, na usokote kila mmoja kwenye shina la mwenzake, mizunguko mitano au sita iliyokaza. Ukivuta sasa hivi, bila lehemu, kiungo kisiachie. Lehemu haikuwekwa pale kushikilia uzito. Kazi yake ni kupitisha umeme na kuzuia kutu. Ndipo uweke ncha chini ya kiungo, ungoje kidogo, na uguse lehemu kwenye waya wenyewe upande wa juu. Waya ndio uiyeyushe. Ukiiyeyusha kwenye ncha na kuidondoshea waya uliopoa, utapata kitu kinachong’aa vizuri na kisichoshika chochote.

Mpira unasinyaa kuanzia nyuzi 90 au zaidi kidogo kutegemea aina yake, na ile hewa inayotoka ubavuni ni ya mamia ya nyuzi. Hapo ule ubaya niliousema unageuka msaada: pitisha kiungo mbele ya tundu kwa umbali wa vidole vitatu, ukizungusha, usisimame mahali pamoja. Vyuma vingi vinauzwa na ncha ya kupuliza hewa ya moto kwa ajili hiyo.

Pikipiki inahitaji neno lake. Barabara zetu za mawe ya volkeno zinatetemesha kila kitu, na waya uliolehemiwa unakuwa mgumu mpaka pale lehemu ilipoishia. Kuanzia hapo ni laini. Pale mgumu unapokutana na laini ndipo waya unakatika. Kwa hiyo ukimaliza, funga waya kwenye fremu pande zote mbili za kiungo ili usicheze. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, atakuhimiza, “Fundi, fanya mbio, mteja ananingoja,” na utashawishika kuruka hatua hii. Mwambie angoje. Kwa vichwa vya nyaya za batri na za stata (mota ya kuwashia injini) usilehemu kabisa, tumia vichwa vya kubana kwa koleo lake. Hali kadhalika viunganishi vile vyeusi vya paneli za jua, vinavyoitwa MC4: vimetengenezwa kubanwa.

Na paneli haina swichi. Maadamu jua liko juu yake, inatoa umeme, hata ikiwa haijaunganishwa na kitu: ile ya kawaida ya kuchaji batri ya volti 12 inaweza kufika volti 22 bila mzigo. Haitakuua peke yake, lakini cheche zake zinaharibu kiunganishi, na ukishtuka ukiwa juu ya mabati unaweza kuanguka. Ifunike kwa blanketi zito, au fanya kazi jioni.

Gesi

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo fedha zinapopotelea.

Chuma hiki kinataka butani safi. Kile kichocheo joto na kazi vinakichosha polepole, lakini kinachokiua mapema ni kusumishwa na uchafu: salfa, mafuta, silikoni. Kikishasumika, wekundu unakuwa wa madoa, kisha wa upande mmoja, kisha mwali unazimika na hakuna kinachowaka nyuma yake. Hakisafishiki kwa sindano wala spiriti. Unanunua ncha nyingine, ukiipata.

Watu hapa wanajaza kwa vitu vitatu. Kuna chupa ndogo za gesi ya viberiti, ambazo utazipata maduka mengi ya Birere, hapa mjini. Kuna mikebe ya majiko madogo ya safari. Na kuna wanaojaribu kunyonya gesi kutoka kwenye mtungi wa jikoni kwa mpira. Hao wa mwisho nawaomba waache leo. Gesi ya mtungi hutiwa dawa ya kunuka ili uvujaji ujulikane, na dawa hiyo ni ya salfa, sumu ileile ninayoisema. Halafu mara nyingi imechanganywa na propani. Kwa joto la nyuzi 20, shinikizo la butani ndani ya chombo ni kama mara mbili ya lile la hewa. La propani linapita mara nane. Tangi la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya butani haliwezi kubeba hilo. Mikebe ya majiko nayo mingi ni mchanganyiko wa butani na propani. Soma ubavuni, na ukiona propani rudisha.

Zinabaki chupa za viberiti, na humo mna nzuri na mbovu. Maandishi ya kusema imechujwa mara ngapi hayanisaidii, kila chupa inajisifu. Ninachofanya ni hiki: napulizia kidogo kwenye kioo kisafi, mbali na moto, nangoja ikauke. Kioo kikibaki safi, naitumia. Kikibaki na utando wa mafuta unaoteleza chini ya kidole, chupa hiyo itajaza viberiti vya wavutaji sigara, chuma changu haitakigusa. Muuza duka atakukasirikia kidogo ukipima mbele yake. Nunua moja, pima nyumbani, ukiridhika rudi uchukue kadhaa za aina hiyo hiyo.

Kujaza kunafanywa nje, chuma kikiwa kimepoa kabisa na vali imefungwa. Kwanza bonyeza kipini cha vali ya kujazia kwa bisibisi ndogo, utoe mabaki na hewa iliyonaswa ndani, hewa hiyo ndiyo inayofanya watu waseme “kinakataa kujaa.” Kisha simamisha chuma kichwa chini ili vali hiyo itazame juu, na chupa uipindue juu yake, wima kabisa. Chupa ikiinama, unavujisha zaidi ya unachojaza. Isipopinduliwa, unaingiza mvuke tu na tangi linabaki tupu. Bonyeza kwa sekunde chache, achia, bonyeza tena. Ikianza kurusha matone, simama. Gesi hukimbilia kwenye ubaridi, kwa hiyo chuma kikiwa baridi kuliko chupa kinajaa upesi. Asubuhi ya Goma inakusaidia bila gharama.

Ukishajaza, kiweke chini kama dakika kumi. Matone yaliyomwagika kwenye vali yaruke, na gesi iliyo ndani ipate joto la kawaida. Anayejaza na kuwasha papo hapo atapata mwali wa njano wenye urefu wa mkono.

Kuwasha kwenyewe kuna tatizo la mahali petu. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko la pwani. Vile viwashio vya kubofya vinavyotoa cheche bila betri hupata shida kadiri unavyopanda juu, na gesi ikifunguliwa sana inazidi hewa iliyopo, basi cheche inalia bila kushika. Weka pete katikati au chini yake kidogo wakati wa kuwasha, uongeze baadaye. Nina kiberiti cha kawaida mfukoni kila siku, na kwa kweli ndicho ninachokitumia mara nyingi. Kuhusu baridi usiwe na wasiwasi hapa mjini, kwani butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na Goma hatufiki huko. Ila kuna rafiki zangu wanaopanda mlima wa volkeno wa Nyiragongo, mita 3,470, na huko juu usiku gesi inakuwa nzito kuamka. Ukibeba chuma, kikae ndani ya koti. Hata mjini utaona kikilegea kazi ikiwa ndefu, kwa sababu butani inapogeuka mvuke inalipoza tangi lake. Kifumbate kiganjani kwa muda, nguvu itarudi.

Usalama, kwa nyumba zetu

Watu wa Goma hatuhitaji mwalimu wa kutueleza kwamba gesi nzito hukaa bondeni. Mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, imetufundisha. Butani nayo ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili, inashuka inatuama sakafuni na kwenye mashimo. Tofauti ni kwamba mazuku inazima mshumaa, na butani iliyotuama inawashwa nao. Mama akiwa na mbabula (jiko la makaa) uani, nenda ukajazie upande mwingine wa nyumba, na usijazie ndani kamwe.

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimebanana, moto wa nyumba moja ni wa kartie (mtaa) nzima. Ncha inabaki ya moto muda mrefu baada ya kuzima, na kwa kuwa hakuna mwali wala waya wa ukutani, mtu anayepita hajui. Stendi inayouzwa na chuma ni kiwaya chepesi kinachopinduka. Mimi natumia kipande cha jiwe la volkeno chenye shimo, kikavu. Halipinduki, haliungui, na mjini kwetu halinunuliwi. Kifuniko usikirudishe mpaka ncha ipoe, vinginevyo utakuwa umeyeyusha kifuniko na kuipaka ncha plastiki.

Batri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na kichocheo chekundu kinatosha kuilipua. Ondoa chaja, fungua madirisha, ngoja, na ikiwezekana peleka kazi mbali na batri badala ya kuinama juu yake. Karibu na kabureta ya pikipiki usiwashe chochote. Zile betri za duara za litiamu zinazotolewa kwenye kompyuta kuukuu na kutengenezewa taa, usizilehemu moja kwa moja. Joto linaingia ndani na kuharibu tabaka linalotenganisha chanya na hasi. Nunua zilizokwisha kuwekewa vibati vya kulehemia.

Kinatumia hewa ya chumba na kinaweza kutoa monoksidi ya kaboni, isiyonuka. Kwenye kibanda cha mbao kilichofungwa kwa sababu ya mvua, acha mlango wazi ulowe kidogo. Moshi mweupe unaouona unatoka kwenye utomvu ulio ndani ya lehemu. Wenye pumu unawasumbua. Na lehemu yenye madini ya risasi haiendi pamoja na maandazi: nawa mikono kwanza.

Kuhusu lehemu yenyewe, kwa chuma kisicho na kipimo cha joto, napendelea ile ya bati na risasi ya 60/40, inayoyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Zile zisizo na risasi zinataka nyuzi 217 hadi 227, na kwenye upepo unazipigania. Tena ile ya 63/37 inaganda papo hapo ikifika 183, bila kupita hali ya uji, kwa hiyo kiungo kikitikiswa kidogo hakiharibiki. Ukiiona dukani ichukue. Unene wa milimita 0.8 au 1 unatosha nyaya nyingi. Kuna lehemu za bandia zinazoyeyuka kwa shida na kubaki za kijivu zenye chembechembe. Yeyusha kipande kwenye waya safi: nzuri inatambaa, mbovu inajikunja kuwa tone.

Siwezi kutaja bati bila kusema hili. Mawe ya kasiteriti, ambayo ndiyo yanayotoa bati, yanachimbwa Bisie, kwetu Walikale, na karibu nusu ya bati la dunia nzima inatumika kutengeneza lehemu. Mzigo huondoka hapa Kivu ukiwa mchanga mzito ndani ya magunia, halafu sisi tunanunua koili ya lehemu iliyotoka Asia, na mara nyingine ni ya bandia. Nikifikiria hilo sana kazi hainiendi.

Kabla ya kununua

Dukani ukiomba “fer à souder ya gazi” watakuelewa. Kuna vya majina ya zamani, kama Portasol ya Ireland, Weller, au Iroda ya Taiwan, na kuna nakala nyingi zisizo na jina. Nakala nyingine zinafanya kazi vizuri tu. Ninachokitazama ni ncha za akiba: kama duka halina hata moja ya kubadilisha, chuma hicho kitadumu kadiri ya kichocheo chake cha kwanza. Nunua ncha mbili pamoja na chuma, siku hiyo hiyo, kwa sababu mwezi ujao mzigo utakaokuja utakuwa wa aina nyingine na uzi wake hautaingiliana.

Omba kijazwe mbele yako. Paka maji ya sabuni kwenye vali na kwenye maungio. Mapovu yakitokea, hapana. Kiwashwe, kisha tazama kidirisha: wekundu uwe sawa pande zote. Kikizimika kila ukikigeuza ncha ielekee chini, gesi ya maji inafika kwenye tundu badala ya mvuke, na hutaweza kukitumia kwa kazi iliyo chini ya mkono wako.

Na kama nyumbani una batri ya jua ya volti 12 na kazi yako hasa ni bodi, usinunue cha gesi kabisa. Kuna vyuma vyembamba vya umeme wa batri, kama TS100 na Pinecil, vinavyokubali volti 12 hadi 24 na vina kidhibiti cha joto. Kwa volti 12 TS100 inatoa wati 17 hivi, ni kidogo, lakini kwa redio na taa za jua inatosha. Kwa volti 24 inafika 65. Mimi ninavyo vyote viwili, na cha batri ndicho kinachokaa mezani siku umeme wa mjini unapokatika. Kwenye pikipiki na juu ya mabati bado nabeba cha gesi.

Ncha haipigwi tupa. Imepakwa chuma juu ya shaba, na ukiikwangua shaba inaliwa na lehemu ndani ya muda mfupi. Ifute kwenye sponji yenye unyevu au nyuzi za shaba nyeupe, na kabla ya kuzima iache na tone la lehemu juu yake.

Usikiache kwenye sanduku la pikipiki juani. Chupa ya gesi ya kujazia hairuhusiwi ndani ya ndege, iwe mkononi au kwenye sanduku, kwa hiyo ukiitwa kazi Kinshasa au Kisangani, gesi utainunua huko; na kuhusu chuma chenyewe, uliza shirika la ndege mapema hata kama umeitoa gesi yote.

Kisha bei. Mafundi wengi wanatoza kazi ya njiani sawa na ya mezani, wakisahau kwamba mezani umeme unaingia kwenye bili ya mwezi na njiani kila kiungo kinakula gesi ya dukani na siku kadhaa za uhai wa ncha. Motari ninamwambia kabla sijawasha: kazi ni kiasi hiki, gesi ni kiasi hiki. Hakuna aliyewahi kukataa akiwa amekwama njiani.